Mwanangu ana selimundu na anaogopa sindano kupita kiasi. Mnawapumbazaje watoto wakati wa kutolewa damu?

Mama Faraji, Mwanza

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu. Mwanangu wa kiume ana miaka 6 na ana selimundu (sikoseli), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wenye watoto wa namna hii mnajua: kliniki ni damu, akipandisha homa ni damu, maumivu ya mifupa yakimshika ni kulazwa na dripu. Mishipa yake ni midogo, na akiwa hajanywa maji ya kutosha haionekani kabisa. Wanatafuta mkononi, wakikosa wanahamia mguuni.

Zamani alikuwa analia kawaida ya mtoto. Sasa hivi akiona tu ile trei ya chuma yenye pamba na mpira wa kufungia mkono anaanza kutetemeka. Mara ya mwisho alishikwa na watu wanne, mimi nikaambiwa nisubiri nje. Nilimsikia akiniita mpaka sauti ikamkauka. Usiku akakojoa kitandani, jambo ambalo alishaliacha. Tangu hapo tukipanda tu daladala ya kuelekea upande ule ananiuliza, "Mama, leo wananichoma?"

Jirani alinishauri nimpe simu aangalie katuni. Nilimpa. Aliiangalia vizuri mpaka alipofungwa ule mpira, hapo hapo akaitupa. Wiki ijayo tuna kliniki tena. Niambieni nyie mnafanyaje, hasa wauguzi kama mpo humu. Hospitali siitaji, sitafuti ugomvi na mtu. Nataka mtoto apate vipimo vyake bila mateso haya.

Nesi wa Watoto, Dodoma

Mama Faraji, pole sana, na pole kwa mtoto. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya watoto muda mrefu na wenye selimundu ni wengi ninaowatoa damu. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili linaniuma. Kumkandamiza mtoto kwa watu wanne kunaokoa dakika chache leo na kuharibu kila kliniki inayofuata, na huyu wako atakuwa mtu wa kliniki maisha yake yote.

Nianze na simu. Katuni ilishindwa kwa sababu haikumtaka mtoto afanye chochote. Mpira ulipokaza mkono, akili yote ikahamia mkononi. Maumivu yanapimwa na ubongo, na ubongo hauwezi kushughulika na mambo mawili mazito kwa nguvu ile ile kwa wakati mmoja. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango la maumivu: kwamba taarifa ya maumivu inaweza kupunguzwa nguvu ikiwa bado kwenye uti wa mgongo, na kwamba ubongo wenyewe huwa unatuma amri za kuipunguza. Kwa hiyo mtoto anayejibu, anayepuliza, anayehesabu, maumivu yake yanapungua kweli. Msidhani anajikaza tu. Mwaka 2018 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipitia tafiti za sindano kwa watoto na vijana wa miaka 2 hadi 19, na kumpumbaza mtoto ni mojawapo ya njia walizoona zinapunguza maumivu.

Mtoto wa miaka 6 mpe kazi. Mimi silaha yangu ni vitendawili. Nikikaa tu kwenye kiti, kabla sijagusa trei, nasema "Kitendawili!" Hakuna mtoto asiyeitikia "Tega!" Natega kimoja chepesi, nyumba yangu haina mlango, anajibu yai, anafurahi. Halafu namwambia sasa anitege yeye. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana mtoto anayetafuta kitendawili cha kumshinda mtu mzima kichwa chake kimejaa. Nafunga mpira huku namwambia "ngoja, usinitajie jibu". Napapasa mshipa, nasafisha, nabahatisha jibu la uongo. Nikishindwa ananidai mji. Nampa Singida, anakataa. Nampa Tanga, anakataa, anataka Dar es Salaam na ferri yake. Kuna binti mmoja alininyima jibu la kuku aliyetaga miibani mpaka nikampa Zanzibar, na chupa yake ya damu ilikuwa imeshajaa. Alikunja uso sindano ilipoingia, akasema "ii!", kisha akaendelea kunidai. Hayo ndiyo mafanikio ninayoyatafuta. Sitegemei mtoto asihisi kitu.

Sasa, mambo ya kufanya kabla ya siku yenyewe, maana ukianzia kwenye kiti cha maabara umechelewa.

Mwambie ukweli. Asubuhi ya kliniki mwambie leo atatolewa damu, itauma kama kufinywa, itakwisha, na wewe utakuwepo. Ukimwambia hauchomwi halafu akachomwa, safari ijayo hata ukimpeleka kupimwa uzito atapigana. Kama nyumbani kuna mtu anayesema "ukikorofisha daktari atakuchoma sindano", huyo mtu aache leo. Nimewapokea watoto wengi waliofika wodini wakiamini wanaadhibiwa.

Fanyeni mazoezi. Chukua kamba laini, mfunge mwanasesere au hata wewe mwenyewe mkononi, yeye awe daktari, wewe umtegee vitendawili. Achague mwenyewe atakachotumia: vitendawili, kupuliza, kuhesabu matundu ya dirisha kwa kurudi nyuma. Kupuliza kunafaa sana. Mapovu ya sabuni kwenye kopo, au hata kupuliza tu kiganja cha mama kana kwamba anapoza uji. Pumzi ndefu ya kutoka inalegeza mwili, na mkono uliolegea mshipa wake hupatikana kirahisi zaidi kuliko uliokazwa.

Akae, asilazwe. Mtoto akilazwa chali na watu wakamwinamia, hofu inapanda hata kama hakuna sindano. Mpakate, kifua chake kikutane na chako, miguu yake ikuzunguke kiunoni, mkono wa kutolewa damu upite chini ya kwapa lako utokee mgongoni kwako, ambako nesi ameukalisha kwenye mto. Hapo umemshika imara kabisa, ila yeye anajua amekumbatiwa.

Aongee mtu mmoja. Nesi anasema "tulia", shangazi anasema "pole mwanangu, pole", mama anasema "haumii, haumii", mtoto anasikia kitu kimoja tu: kuna hatari kubwa. Waliochunguza maneno ya wazazi wakati wa sindano wameona kwamba pole nyingi na kuhakikishiwa kwingi huambatana na mtoto kufadhaika zaidi, na maneno ya kumtoa kwenye tukio huambatana na kutulia. Najua inakwenda kinyume na moyo wa mama. Pole mpe baadaye, mpe nyingi.

Mengine ni madogo. Mwache achague mkono wa kulia au wa kushoto, lakini usimuulize kama yuko tayari kuchomwa, maana akisema hapana utafanyaje? Ashike pamba ya kubana baada ya sindano kutoka. Kama ni mtoto wa kutaka kuona, msimgeuze kichwa kwa nguvu. Wapo wanaotulia kwa kuangalia, na hao kazi yao iwe kukuhesabia chupa.

Mkishamaliza, mkiwa njiani, msimsimulie baba yake alivyolia. Msimulie alivyopuliza. Watoto hukumbuka sindano iliyopita kwa jinsi ilivyosimuliwa nyumbani, na kumbukumbu hiyo ndiyo anayoingia nayo mlangoni safari ijayo.

Mtu wa Maabara, Arusha

Namuunga mkono nesi, niongeze la upande wangu, mimi ni fundi sanifu maabara.

Mzazi akiingia na mpango, mwambie anayetoa damu kabla hajavaa glavu: "Naomba nimpakate, na naomba uniambie kwa kunikonyeza ukiwa unachoma, usihesabu moja mbili tatu kwa sauti." Wengi wetu hatukatai. Kinachotukwamisha ni foleni nje na fomu zimejaa mezani, hivyo tunakimbilia njia ya haraka. Lakini mtoto akitulia, mkono unapatikana mara moja na sampuli haiharibiki. Mtoto akipigana, damu inatoka kidogo kidogo, inaganda au chembe zinapasuka, maabara wanaikataa, na mtoto anachomwa tena. Kwa hiyo dakika tano za kumwandaa zina faida hata kwangu.

Kwa wakubwa kidogo, miaka 8 kwenda mbele, natumia kukohoa. Namwambia akohoe mara moja ya kujaribu, kisha ya pili kwa nguvu, na hiyo ya pili ndiyo ninayoingia nayo. Na trei yangu huwa nyuma yangu imefunikwa. Hakuna sababu ya mtoto kukaa anatazamana na sindano wakati naandika jina lake kwenye chupa.

Mama Kijacho, Minneapolis

Salamu kutoka huku Marekani. Hospitali za watoto za huku zina watu ambao kazi yao ni hiyo tu: anakuja na mapovu, na vitabu vya kutafuta picha, anamweleza mtoto kila hatua kwa kutumia mwanasesere. Binti yangu alikuwa akipakwa pia krimu ya ganzi yenye lignokeini na prilokeini, inafunikwa na plasta ya plastiki, mnasubiri kama saa nzima, ngozi inakufa ganzi. Pia kuna kidude cha kutetemeka chenye barafu, unakibandika juu kidogo ya pale pa kuchoma. Mama Faraji, kama huna hicho, jaribu barafu kwenye kitambaa.

Nesi wa Watoto, Dodoma

Dada wa Minneapolis, asante, na hiyo krimu ni kitu kizuri sana. Mama Faraji, uliza famasi ya hospitali kama wanayo, na usimpake bila daktari kukuambia kiasi. Sehemu nyingi kwetu haipo, au ipo kwa bei ambayo mzazi wa kliniki ya kila mara hawezi kuimudu.

Lakini barafu HAPANA kwa mtoto wa selimundu. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Baridi hubana mishipa, na kwa mtoto huyu baridi inaweza kuamsha yale maumivu tunayohangaika kuyazuia. Kwa watoto wengine barafu ni sawa. Kwake fanya kinyume: anywe maji mengi tangu jana yake na asubuhi hiyo, isipokuwa kama mmeambiwa asile wala asinywe, avae sweta, na mnaposubiri foleni mfunge kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu kwenye kiwiko. Yasiwe ya moto, jaribu kwanza kwenye mkono wako. Mshipa utajaa na kuonekana, na mara nyingi utachomwa mara moja badala ya kupapaswa huku na huku. Kupunguza idadi ya kuchomwa ni dawa kuliko mbinu zote nilizoandika juu.

Baba Nasra, Mombasa

Assalamu alaikum. Nimesoma yote, nataka kutia neno kwa sababu kuna jambo naogopa litapotea hapa.

Binti yangu aliungua na chai ya moto, kifua na bega, akiwa na miaka 4. Kila baada ya siku mbili bandeji hubadilishwa. Mwanzoni tulikuwa mahali ambapo waliibandua kavu kavu, bila dawa yoyote, muuguzi mmoja akimwimbia. Nashukuru kwa nyimbo, lakini mtoto alipiga kelele hata watu wa nje wakaja kuchungulia. Kuimbiwa hakutoshi kwa kidonda kama kile. Tulipohamia kwengine, daktari akaagiza dawa ya maumivu ya kunywa, apewe mapema kabla bandeji haijafunguliwa ili iwe imeshashika. Bandeji ikalowanishwa kwanza. Kisha mwenyewe Nasra akapewa kazi ya kufungua ile tabaka ya juu kwa mkono wake, polepole, na akisema "simama" wote wanasimama. Mie nilikaa kichwani pake. "Paukwa!" "Pakawa!" Nikamsimulia sungura na fisi, na kila sungura alipofika kwenye kisima yeye ndiye aliyeamua kama anywe au akimbie. Alilia, ndiyo. Lakini alilia kidogo, na alitaka kujua sungura alifika wapi.

Wazazi, msikubali hadithi itumike pahali pa dawa.

Nesi wa Watoto, Dodoma

Baba Nasra, wa alaikum salaam, na umesema jambo ambalo ningepaswa kulisema mwanzo kabisa. Kumpumbaza mtoto kunatosha kwa sindano ya chanjo na kutolewa damu. Kwa kidonda cha moto, kunyoosha mfupa uliovunjika, kutoa maji ya uti wa mgongo, ni nyongeza juu ya dawa, wakati mwingine dawa nzito ya kumlaza kabisa. Kule Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza mchezo wa kompyuta wa kuvaa machoni kama miwani, unaoitwa SnowWorld, mahsusi kwa watu walioungua: mgonjwa anaelea kwenye bonde la barafu akirusha mipira ya theluji wakati kidonda chake kinasafishwa. Ulisaidia sana, na hata hivyo wagonjwa waliendelea kupewa dawa zao. Hakuna aliyewaambia theluji inatosha.

Vivyo hivyo mtoto wa selimundu aliyeingia na maumivu makali ya mifupa. Mama Faraji, huyo kwanza dawa ya maumivu. Vitendawili vije kwenye sindano ya kuwekea dripu.

Mama wa Kichanga

Samahani kuingilia. Wangu ana wiki 13, wiki ijayo ana chanjo. Vitendawili hawezi. Nafanyaje?

Nesi wa Watoto, Dodoma

Hujaingilia, mdogo wangu. Mnyonyeshe. Aanze kunyonya kabla, aendelee sindano inapoingia na baada yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo, na kunyonyesha kumo. Kama siku hiyo ana matone ya rota, ile chanjo ya kuhara, apewe kwanza kabla ya sindano, kwa kuwa yana utamu unaosaidia kichanga, na sindano inayouma zaidi ije mwisho. Mwongozo huo huo unataka walio chini ya miaka 6 wapumbazwe kwa vitu vya kuchezea, video, muziki au maongezi ya mtu mzima. Hata kwa mujibu wa hao wakubwa, mazungumzo yako na mwanao ni tiba.

Mama Faraji, Mwanza

Mungu awabariki wote. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Jana usiku tumefunga mpira mwanasesere, yeye ndiye daktari, akamwambia mwanasesere "itauma kidogo, puliza". Nilibaki namwangalia tu.

Nina hofu mbili. Wakinitoa nje tena nifanye nini? Na wakikosa mshipa mara ya kwanza, mara ya pili, vitendawili si vitakuwa vimeisha nguvu?

Nesi wa Watoto, Dodoma

La kutolewa nje: fika mapema kabla foleni haijajaa, mtafute mkuu wa kitengo, umsalimie vizuri, umwambie kwa upole: "Mwanangu anaogopa sana, nimefundishwa namna ya kumpakata, naomba nibaki naye. Sitapiga kelele wala sitawaingilia mikono." Wauguzi wengi huwatoa wazazi kwa sababu wameshaona mama anazimia au anavuta mkono wa mtoto katikati ya sindano. Ukiwahakikishia hilo umeondoa hofu yao. Wewe mwenyewe ukihisi moyo hauwezi, mtume baba yake au bibi. Anayempakata lazima awe ametulia, maana mtoto amelala kifuani pake anasikia mapigo.

La kukosa mshipa: mimi nikikosa mara mbili namwita mwenzangu, na una haki ya kuomba hivyo. Katikati hapo mfungueni mpira, mtoto ashuke, anywe maji, atembee hadi dirishani na kurudi. Mwambie ukweli kwamba mshipa umejificha na mtajaribu tena. Usirudie mchezo ule ule. Kama mlikuwa na vitendawili, raundi ya pili ni kupuliza, au kutafuta vitu vyote vyekundu mle chumbani. Uwe na vitu vitatu vinne mfukoni, na simu iwe ya mwisho, yenye mchezo wa kubonyeza kwa mkono mmoja, siyo katuni.

Na plasta mkifika nyumbani msiivute kavu. Ilowesheni kwanza kwa maji ya uvuguvugu, aibandue mwenyewe. Nimeona watoto waliomaliza sindano vizuri kabisa wakaja kulia kwa plasta.